Rodney na Baba Saba

Rodney Whitcomb ni mtu ambaye ukimwambia neno, analichukua kama lilivyo. Nilimjua hivyo tangu wiki yangu ya kwanza kazini, mwaka 2011, katika hospitali moja ya Maplewood, Minnesota. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya joto, mimi nilikuwa nasukuma vitanda vya wagonjwa. Siku hiyo nilikuwa nakula wali na maharage kwenye chumba cha mapumziko, akapita, nami nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Bukoba kile tunachosema sote: karibu chakula. Mtu mstaarabu hujibu asante, nimeshiba, akaendelea na hamsini zake. Rodney alivuta kiti, akaomba uma, akala nusu nzima. Alipomaliza akaniambia kwamba tangu aanze kazi pale, hakuna mtu aliyewahi kumkaribisha sahani yake. Mimi nilishinda njaa, lakini nilipata rafiki.

Na rafiki kweli. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya maduka ya Maple Grove, Jumapili asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Mimi nina hasira za karibu, na kila nilipokanyaga breki vibaya nilimgombeza yeye, utadhani yeye ndiye mwenye mguu. Alikuwa anasubiri nimalize, kisha ananiambia, "Sawa. Tuanze tena." Februari gari langu lilipokufa kwa baridi, nilimpigia simu, akaja na nyaya zake bila kuuliza kwa nini sikununua betri mpya kama alivyoniambia. Naandika habari zake leo akiwa hai na afya yake, kwa sababu sipendi ile desturi yetu ya kumsifu mtu akiwa ndani ya jeneza.

Mkewe alifariki kabla sijamfahamu. Alibaki na mtoto mmoja, Cyrus, kijana mrefu mwenye aibu. Huyu Cyrus, chuoni, akampenda Joyeuse, binti wa Euphrasie.

Euphrasie anasali kanisani kwetu, kwenye ibada ya Kiswahili. Ni mjane, mzaliwa wa Uvira. Alikimbia vita, akavuka ziwa, akakaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule kwetu Tanzania, mkoani Kigoma, hadi alipoletwa Minnesota pamoja na Joyeuse wake. Ni mwanamke wa maneno machache, na kwaya yetu bila sauti yake ingekuwa imeshavunjwa. Cyrus aliposema anataka kuoa, Euphrasie hakukataa. Alisema tu kwamba mambo yafuate utaratibu: baba wa kijana aje na msemaji wake, na upande wa binti utakuwa na msemaji wao, Mzee Byamungu.

Rodney akanitafuta mimi niwe msemaji wake. Nilifurahi mno. Huku ugenini mtu anaweza kufika uzeeni bila kuombwa jambo la heshima namna hiyo.

Basi Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 2016, mimi, Rodney na Cyrus tukafika kwenye nyumba ya kupanga ya Euphrasie, Brooklyn Park, tumevaa suti. Sebule ilijaa wazee. Jikoni kulikuwa na sombe, ndiyo kisamvu chao, samaki, fufu, na harufu iliyonifanya nisahau hotuba yangu. Joyeuse alikuwa amefungiwa chumbani na wenzake, maana bibi harusi haonekani hadi aitwe.

Mzee Byamungu akasimama. Yule mzee ni mfupi, lakini akisimama kusema, chumba kinakuwa chake.

"Bon," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Tunaona bantu bazuri, banavaa bizuri. Lakini hatubajue. Muko banani? Mutuhesabie baba saba ya huyu kijana, moja moja, na majina yabo. Bila hivyo, mutoto wetu hamutamuona."

Wazee wakaguna kwa furaha, wakatulia kunisikiliza. Kila mtu mle ndani alijua huo ni utani. Swali la namna hiyo huulizwa ili msemaji wa waoaji aoneshe ulimi wake: atachekesha, ataleta kreti ya soda, watu watapiga makofi, mambo yataendelea. Mimi jibu langu lilikuwa tayari. Nilitaka kusema kwamba wale baba saba walikuwa njiani wanakuja, ila wamekwama kwenye theluji. Lakini kwa adabu nikamtafsiria Rodney kwanza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Wote saba?" aliniuliza.

"Wote saba," nilisema, huku nikicheka ili aelewe.

Rodney hakucheka. Akasimama, akachukua koti lake. Akawaambia wazee kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye anawajua watatu tu, akijihesabu mwenyewe: yeye, baba yake Eldon na babu yake Harlan. Aliwaomba wampe muda hadi majira ya kuchipua. Akainamisha kichwa, akatoka. Cyrus akatazama mlango, akanitazama mimi, akamfuata baba yake.

Euphrasie alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameshika ukuta. Nilidhani anaumia kwa sababu ya chakula.

"Mutanzania," aliniuliza Mzee Byamungu, "umemuambia nini huyu muntu?"

"Nimemwambia ulichosema, mzee."

"Na hukumuambia kama ni muchezo?"

"Si nilicheka!"

"Kucheka! Muzungu anaambiwa na mudomo, haambiwe na meno!"

Nilikimbia hadi kwenye maegesho bila koti. Rodney alikuwa ameshawasha gari. Nikamweleza kila kitu, kwamba ni mchezo, kwamba baba saba ni namna ya kusema tu, arudi ndani ale samaki. Alinisikiliza hadi mwisho, meno yangu yakigongana kwa baridi.

"Lakini ni swali zuri," alisema. "Wananipa binti yao. Wana haki ya kujua anakwenda kwa nani. Na mimi sijui."

Nilimgombeza. Akasubiri nimalize. Kisha akaondoa gari.

Hivyo posa ikakwama, na aliyeikwamisha ni baba wa bwana harusi mwenyewe. Joyeuse alilia wiki nzima na hakutaka kuniona. Cyrus alisusa kuzungumza na baba yake. Kanisani habari zilienea, na kadiri zilivyoenea ndivyo utani ulivyozidi kukauka. Krismasi ilipofika, nilimwomba Mzee Byamungu ampigie Rodney simu, amwambie yaishe. Akakataa. Alisema mzungu ameahidi mbele ya wazee, na sasa wazee wote wanasubiri. "Aje na baba yake saba. Sasa haiko tena muchezo."

Kwa hiyo Rodney akaanza kutafuta. Alikuwa amestaafu mwaka huohuo, na nadhani hajawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile. Asubuhi alikuwa anaendesha hadi Saint Paul, kwenye maktaba ya mambo ya kale, anakaa mbele ya mashine inayoonesha magazeti ya zamani hadi macho yanakuwa mekundu. Siku zangu za mapumziko nilikwenda naye, mwanzoni kwa sababu nilijiona nina deni la fadhila, baadaye kwa sababu nilinogewa. Kuna utamu katika kumwona mtu wa miaka sitini na mitatu akipata babu mpya. Ananishika mkono, ananong'ona, "Severin, huyu hapa!" na msimamizi wa maktaba anatukata jicho.

Ukoo wa Whitcomb, alivyougundua, ulitoka Vermont, mbali upande wa mashariki. Asa Whitcomb na mkewe Keturah walipanda mto Mississippi kwa meli ya mvuke miaka ya 1850, huku kukiwa hakuna mji wala barabara, wakajenga kibanda cha magogo kando ya mto, upande wa juu, sehemu ambayo leo ni Champlin. Sakafu ilikuwa udongo. Majira ya baridi ya kwanza walikula uji wa mahindi asubuhi na jioni. Nilimuuliza nani alikuwa anakaa hapo kabla yao. Akasema, Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hii. Akaongeza kwamba katika hadithi zote alizosikia nyumbani kwao, hakuna mtu aliyewahi kuwataja, na kwamba alikuwa anaona haya kwamba ameanza kuuliza akiwa na mvi.

Mwishoni mwa Januari alinipigia simu nikiwa kazini. Alikuwa amewapata wote. Yeye Rodney, Eldon, Harlan, Ezra, Asa, kisha Josiah na Nathaniel wa Vermont. Saba kamili! Alinitajia majina yale mara mbili, kama mtoto anayefanya mazoezi ya kukariri Injili kwa ajili ya Krismasi. Nilipiga kelele kwenye korido hadi mgonjwa niliyekuwa namsukuma akauliza kama nimepata mtoto.

"Sasa twende tukamwambie shangazi," alisema Rodney.

Shangazi yake, Abigail, dada wa Eldon, alikuwa na miaka tisini na mitatu, anaishi kwenye nyumba ya wazee huko Champlin, chumba chenye dirisha linalotazama mto. Masikio yalikuwa mazima na ulimi ulikuwa mzima zaidi. Rodney akamtajia wale saba, amejaa fahari. Alipofika kwa Ezra na kusema "mwana wa Asa", yule bibi akainua mkono.

"Ezra hakuwa mwana wa Asa," alisema. "Nani kakuambia? Mimi nilikaa kwenye magoti ya babu Ezra. Asa aliangukiwa na mti akafa kabla babu hajafika huku."

Akatusimulia, akitazama mto. Ezra alishushwa pale ufukweni akiwa na miaka mitatu au minne, pamoja na baba na mama waliokuwa wanaharisha kipindupindu ndani ya meli. Wazazi walikufa palepale, na watu wa meli walikuwa na haraka. Keturah alikuwa mjane wa miezi michache, hana mtoto, chakula chake mwenyewe hakimtoshi. Alikuwa amekwenda kuchota maji. Akamshika yule mtoto mkono, akaenda naye nyumbani. Jina la wazazi hakuna aliyeliuliza. Babu Ezra mwenyewe, akiwa mzee, alikumbuka kitu kimoja tu cha baba yake wa kwanza, kwamba alikuwa anapiga mluzi.

"Baba alijua?" aliuliza Rodney taratibu. "Eldon alijua?"

"Sote tulijua. Ila hakuna aliyetuuliza."

Tulirudi kwenye gari. Rodney hakuliwasha. Nje theluji ilikuwa inaanguka juu ya kioo na yeye anaiangalia tu.

"Ninao wanne," alisema.

Mimi nilimpa ushauri, na sitaki kujifanya kwamba ulikuwa ushauri wa kijinga. Nilimwambia ataje wote saba. Jina la Whitcomb ni lake kihalali, Asa alikuwa mume wa Keturah, na katika ile sebule ya Brooklyn Park hakuna mtu atakayepanda ndege kwenda Vermont kumuuliza Nathaniel. Atataja, watu watapiga makofi, mtoto ataoa. Akitaja wanne halafu aseme wa tano hajulikani, mbele ya wazee ambao wanaona mtu asiye na ukoo ni mtu wa mashaka, basi Cyrus anaweza kumkosa Joyeuse, na baba yake ndiye atakayekuwa amemkosesha mara ya pili.

"Najua," alisema.

"Basi taja saba."

"Waliniuliza, Severin. Wewe unataka niwadanganye watu ambao ndio wa kwanza kuniuliza?"

Sikuwa nimeshawishika. Nilikuwa na hasira tu, na huruma.

Aprili, theluji ilipokwisha, tulirudi kwa Euphrasie. Sebule ileile, wazee walewale na wengine wapya waliokuja kwa udadisi. Cyrus alikaa mbali na baba yake kidogo, anatazama viatu. Njiani Rodney hakuwa ameniambia atasema nini, na nilimwomba Mungu usiku na mchana amtie akili.

Mzee Byamungu hakuleta utani safari hii. Alisema tu, "Tunasikiliza," akainua mkono mmoja ili ahesabu kwa vidole.

Rodney akasimama. Nami nikasimama kando yake kutafsiri.

"Baba wa Cyrus ni mimi, Rodney," alisema. "Baba yangu ni Eldon. Baba wa Eldon ni Harlan. Baba wa Harlan ni Ezra."

Vidole vinne. Nilimtazama. Sema Asa, nilimwambia moyoni, neno fupi hivyo, sema tu.

"Baba wa Ezra simjui," alisema Rodney. "Hakuna anayemjua. Alikufa ufukweni kwa kipindupindu, na mtoto wake akaokotwa na mwanamke mjane aliyekuwa anachota maji. Aliitwa Keturah. Hatuna damu yake, lakini hili jina letu tulipewa na yeye, na bila yeye mimi nisingekuwa nimesimama hapa. Huo ndio mwisho wa hesabu yangu."

Alikunja mikono yake mikubwa mbele ya tumbo.

"Nimeishi miaka sitini na mitatu na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi ni wa nani. Ninyi mliniuliza. Nawashukuru sana. Kama wanne hawatoshi, naelewa. Ila naomba msimnyime mwanangu kwa ajili ya hilo."

Nilitafsiri yote. Kidole cha tano cha Mzee Byamungu kilikuwa kimebaki nusu hewani. Na jambo la ajabu, hakumtazama Rodney. Alikuwa anamtazama Euphrasie.

Euphrasie alikuwa ameketi kwenye kapeti pamoja na akina mama. Akasimama. Katika shughuli ile mama wa binti hasemi, anasemewa.

"Mama Joyeuse, acha," Mzee Byamungu alimwambia kwa upole.

"Hapana, mzee. Sitaacha." Akamgeukia Rodney. "Baba Cyrus, ile swali, ni mimi nilimuomba mzee aulize. Nilimuambia, tuulize sisi wa kwanza, na nguvu, ili bale basituulize. Juu mukituuliza baba ya Joyeuse, sina la kusema. Baba yake simujue. Hata mama yake simujue. Nilimuokota ku barabara ya Uvira, mwaka ya vita. Alikuwa amekaa chini, peke yake, na kiatu moja. Bantu banakimbia, banamupita. Mimi pia nilimupita. Kisha nikarudia."

Nilifungua mdomo nitafsiri, sauti haikutoka. Nilijaribu tena. Mimi ambaye ulimi wangu haujawahi kuninyima kitu, nilisimama pale kama gogo, machozi yanaingia kwenye kola ya shati. Rodney alikuwa ananitazama, anasubiri, hajui ameambiwa nini, na uso wake ulionesha kwamba anadhani amekataliwa.

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Joyeuse akatoka, kitenge kimefungwa haraka, nywele zimesukwa upande mmoja tu. Hakuna aliyemwita. Akapita katikati ya wazee, akasimama mbele ya Rodney, akamtafsiria kwa Kiingereza, neno kwa neno.

"Mama anasema aliniokota barabarani. Anasema baba yangu hamjui. Anasema nilikuwa na kiatu kimoja, na kwamba alinipita, kisha akarudi."

Sauti yake haikutetemeka. Nikaelewa kwamba yeye alikuwa anajua siku zote, na wazee wao walijua, na kwamba miezi yote ile Euphrasie alikuwa analala na hofu ileile aliyokuwa nayo Rodney.

Rodney alikaa kitini. Cyrus akaja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Euphrasie alikuwa hajamaliza. "Muulize," alimwambia binti yake. "Ule mutoto, ule Ezra. Alishamuambia ule mama asante?"

Joyeuse akauliza. Rodney akafikiri kwa muda mrefu, maana hata hapo hakutaka kusema kitu asichokijua.

"Sijui," alisema mwishowe. "Labda alidhani mama anajua."

Ilikuwa zamu ya Joyeuse kumtafsiria mama yake jibu hilo. Alimgeukia, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akapiga magoti kwenye kapeti mbele ya Euphrasie, mbele yetu sote, akamshika miguu.

"Asante, mama," alisema. "Asante juu ulirudia."